Mtekaji Hageuki Kuwa Mchumba



Kuna aina moja ya riwaya tunayoipenda sana na hatuitaji kwa sauti. Ina kasri, ina bahari, ina mtoto wa watu na mwanamume asiye wa daraja lake, ina siri isiyofichuka mpaka kurasa za mwisho. Husomwa usiku simu ikiwa chini ya shuka, wiki mbili kabla ya akdi, hina na piko vimeshanunuliwa. Sina ugomvi na kusoma, na sina ugomvi na mapenzi. Ugomvi wangu leo ni na riwaya moja, kwa sababu imewekwa hapa hapa kwetu Unguja, ndani ya nyumba za masultani, na funzo lake kwa biharusi ni sumu iliyotiwa iliki.

Riwaya yenyewe ni Trade Wind ya M. M. Kaye, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1908, ndiye aliyeandika pia The Far Pavilions. Trade Wind ilitoka 1963. Miaka minne kabla ya hapo alikwisha kuandika riwaya ya mauaji iliyowekwa Unguja, The House of Shade, ambayo siku hizi inajulikana kwa jina la Death in Zanzibar. Kwa hiyo si mtu aliyetuchora kutoka mbali bila ya kutujua. Anajua kusimulia, anajua kuficha jambo na kulifichua, na hana haya ya kuwacheka Wazungu wenzake wanaojiona malaika. Ndiyo maana inanasa. Kitabu kibaya kilichoandikwa vibaya hakimdhuru mtu.

Hadithi inaanza mwaka 1859. Binti wa Kimarekani mwenye mali yake, jina lake Hero Hollis, anakuja Unguja kwa ami yake ambaye ni balozi wa Marekani. Anakuja na nia ya kupiga vita utumwa. Njiani bahari inamchukua, anaokolewa na jahazi la Rory Frost, nahodha wa Kiingereza, mfanyabiashara wa watumwa na rafiki wa Sultan Majid. Unguja, Hero anafanya usuhuba na mabinti wa Sayyid Said, akiwemo Bi Salme, na anajikuta ndani ya fitina ya Bargash ya kumpindua kaka yake. Kuna njama, kuna hazina, kuna mwanamume ambaye hatujui ni mwema au ni muovu. Mpaka hapo, mchuzi umekolea.

Kisha yanatokea haya. Rory ana suria, jina lake Zorah, aliyemzalia binti. Zorah anadhulumiwa na mwanamume mwengine, yule anayetaka kumuoa Hero, na mwisho wake ni kufa. Rory anataka kulipiza kisasi. Halipizi kwa yule mwanamume. Anamteka Hero, anamfungia nyumbani kwake, na anambaka. Nimeliandika neno hilo wazi kwa sababu riwaya za mapenzi zina mapazia mengi ya kulifunika. Na baada ya kurasa kadhaa zaidi, Hero anampenda. Hadithi inakwisha wakiwa pamoja, na msomaji anatakiwa afurahi.

Mimi sifurahi, na nawaomba na nyinyi msifurahi.

Jibu la kwanza nitakalopewa ni kwamba hiyo ni hadithi tu, nani atatoka kwenye kitabu akajipeleka kwa mtekaji. Shoga yangu, hadithi haituambii tufanye nini. Inatufundisha tukiona jambo tuliite jina gani. Msichana aliyesoma riwaya kumi ambamo mwanamume mkali, msiri, asiyekubali kukataliwa ndiye mwenye mapenzi ya kweli, akikutana naye mtaani hamkimbii. Anamtambua. Anamwambia mchumba wake asimpigie simu usiku kwa sababu baba yupo, naye anapiga mara ishirini, dada mtu anacheka, anasema, "Anakupenda huyo." Anamwambia hapendi kupekuliwa simu, naye anaipekua; shoga yake anasema, "Wivu ni dalili ya mapenzi." Dalili ya mvua ni mawingu, lakini tumefundishwa kuyaona mawingu hayo ni mapambo ya mbingu.

Jibu la pili ni kwamba wakati ule ndivyo mambo yalivyokuwa. Hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu wakati ule tunaujua, na mmoja wa wanawake waliokuwa ndani ya nyumba zile ameuandika kwa mkono wake. Bi Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika fitina ya 1859 alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na mitano au ndiyo kwanza anaitimiza, na akafanywa mwandishi wa njama kwa sababu alijua kuandika, elimu ambayo alijifundisha mwenyewe kwa siri. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Huko hakuna nahodha wa ndotoni. Kuna Bargash aliyezingirwa na akatoroka kwa kujifunika nguo za kike, kuna dada waliogombana na ndugu zao, kuna msichana aliyeingizwa kwenye vita vya wakubwa akaachiwa majuto.

Na kuna mama yake. Mama yake Bi Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Alitekwa angali mtoto mdogo, wazazi wake wakauawa, ndugu wakatawanywa kila mmoja njia yake, naye akaishia kwenye nyumba ya Sayyid Said, akakua, akawa suria. Bi Salme anaeleza kwamba mke wa nikah wa Sayyid, Bi Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Watoto wote ambao Sayyid aliwaacha alipofariki 1856 walikuwa wa masuria. Yaani nasaba yote ile ya kifalme, masultani na mabinti wanaopambia riwaya, ilipita kwenye matumbo ya wanawake ambao hakuna aliyewauliza kitu. Wala Bi Salme hakuwa mpinzani wa utumwa. Kitabuni mwake aliutetea. Hata hivyo hakuona haya kuandika kwamba mama yake alianza safari yake kwa kuporwa.

Haya ndiyo matabaka yenyewe. Riwaya inatupa tofauti ya daraja kama kiungo: binti wa heshima na nahodha mchafu, watakutana vipi? Lakini daraja ya kweli ya Unguja ya 1859 haikuwa baina ya Hero na Rory. Ilikuwa baina ya mwanamke ambaye hapana yake inahesabiwa na mwanamke ambaye hapana yake haina pa kusikilizwa. Ndani ya riwaya mwanamke huyo wa pili ni Zorah, naye anakufa ili hadithi ya wengine ipate moto. Kifo chake kinakuwa sababu ya mwanamume kumwendea mwanamke mwengine. Muulize aliyemaliza kitabu anakumbuka nini juu ya Zorah zaidi ya uzuri wake na kufa kwake.

Nyinyi mnaosema zama zile zimepita, hebu tuhesabu zilipita lini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, akitawala Bargash huyo huyo. Utumwa wenyewe kisheria uliondolewa 1897. Lakini sheria ya 1897 iliwaacha nje masuria. Ilionekana kwamba kuwaachia huru ni kuingilia nyumba za watu, basi wakachukuliwa kama vile ni wake. Ikabidi ifike 1909 ndipo nao waingizwe kwenye uhuru. Miaka 12 baada ya mpagazi na mkulima, ndipo ikafika zamu ya mwanamke wa chumbani. Hiyo ndiyo foleni tuliyopangwa. Kila mmoja akipewa ruhusa ya kusema hapana, mwanamke anaambiwa asubiri nyuma.

Wala tusidhani kwamba kasri ikiondoka na dhulma inaondoka. Mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu hapa Unguja kwa wanaume wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao waliokataa wakatiwa ndani. Dunia ilizungumza. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba zamani wakubwa waliwachukua wanawake wa Kiafrika watakavyo, na sasa zamu imegeuka. Siwaandikii siasa, kila mtu na upande wake. Naomba muitazame hoja tu. Dhulma ya zamani ilikuwa kweli, na nimetoka kuieleza hapo juu. Lakini waliodhulumu zamani walikuwa wanaume wazima, na waliolipishwa walikuwa wasichana. Hiyo ndiyo hesabu ya Rory Frost: mwanamume amemdhulumu suria wangu, basi nitamlipa kwa mwili wa mchumba wake. Wanaume wawili wana deni, na sarafu inayotumika ni mwanamke.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba riwaya hii ni ya mapenzi yenye ukali kidogo. Ni kisasi kilichovishwa nguo za harusi.

Sasa turudi kwenye dini yetu, maana huko ndiko tunakosema tunachukua mwendo wa ndoa. Mnaijua khabari ya Barira? Naona tunaisimulia mara chache, nasi tunahangaika kutafuta visa vya mapenzi vya Kiingereza vyenye mabwana, watumwa na machozi. Chetu tunacho, na ni sahihi, kimepokewa na Imamu Bukhari.

Barira alikuwa mtumwa, na mumewe Mughith naye alikuwa mtumwa. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, akamnunua Barira akamwacha huru. Alipokuwa huru, sheria ikampa hiari: abaki na mumewe au amwache. Akamwacha. Mughith alimpenda mno. Alikuwa akimfuata kwenye njia za Madina akilia mpaka machozi yanarowesha ndevu zake. Bwana Mtume (S.A.W.) akamwonea huruma, hata akamwambia ami yake Abbas ajabu ya jambo lile, namna Mughith anavyompenda na Barira asivyomtaka. Kisha akamshauri Barira kama angeweza kumrudia. Barira akauliza: je, hiyo ni amri? Bwana Mtume akajibu kwamba si amri, yeye anamwombea tu. Barira akasema kwamba basi haja naye hana. Yakaishia hapo.

Tulieni nayo kidogo. Anayeombewa ni mwanamume mwenye mapenzi ya kweli, si mtekaji. Anayeomba ni mbora wa viumbe. Anayeombwa ni mwanamke ambaye majuzi tu alikuwa anauzwa na kununuliwa, hana ukoo wa kumkingia kifua pale Madina. Na hapana yake ikabaki hapana. Hakuna aliyemwambia atazoea. Hakuna aliyemfungia mpaka apende. Machozi ya Mughith yalistahili huruma, na huruma aliipata, lakini hayakumpa haki juu ya mwili wake.

Sasa nionesheni riwaya ya kasri yenye heshima hiyo. Zipo nyingi ambamo mwanamume anasafiri bahari saba kwa ajili ya mwanamke. Chache mno ambamo anaambiwa hapana, akalia, akenda zake.

Na si Barira peke yake. Khansaa binti Khidam aliozwa na baba yake mume asiyemtaka, naye ni mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla. Akaenda kwa Bwana Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjwa. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 19, Mwenyezi Mungu amekataza waumini kuwarithi wanawake kwa nguvu, wakati ambapo watu walikuwa wanaona mjane ni sehemu ya mali ya marehemu. Hii ilikuwa ni zaidi ya miaka elfu kabla ya Hero Hollis kupanda jahazi.

Najua yupo atakayenikamata hapa: wewe mwanamke, mbona madhehebu yetu ya Imamu Shafii inampa baba haki ya kumuoza binti yake bikira? Naam, mas-ala ya walii mujbir yamo vitabuni, siyafichi. Lakini anayeusoma ukurasa huo asiuruke unaofuata. Haki hiyo ni ya baba na babu mzaa baba tu. Ami hana, kaka hana, sembuse mjomba na shangazi wanaopiga makelele barazani. Na masharti yake yapo: pasiwe na uadui wa wazi baina ya baba na binti, mume awe kufuu yake, awe na uwezo wa mahari. Na juu ya yote hayo, kumtaka binti shauri ni jambo lililopendekezwa. Hayo yamewekwa kwa baba anayemtafutia mwanawe kheri. Hayakuwekwa kwa baba anayelipa deni, anayetafuta cheo, au anayefunika aibu. Anayemuozesha binti kwa aliyemharibu ili maneno ya mtaani yanyamaze, huyo hana kitabu cha kumtetea. Ana riwaya.

Ndiyo, nimesema. Kwani si hadithi ile ile? Msichana anaharibiwa, wazee wanakaa, wanasema bora amuoe ili heshima irudi, na baada ya mwaka mmoja wanasema, "Mnaona? Wanaishi vizuri." Tofauti na Trade Wind ni kwamba hapa hakuna jahazi wala hazina. Kuna godoro jipya, kuna sahani za pilau, na kuna mwari aliyefunikwa ushungi, ambaye hakuna aliyemfunua akamtazama macho.

Kuhusu kunyamaza nako tusidanganyane. Kunyamaza kwa bikira kumehesabiwa kuwa ni idhini kwa sababu ya haya. Lakini haya ni haya, na khofu ni khofu, na kila mama aliyezaa anajua kuzitenganisha. Mwenye haya huinamisha uso na mdomo unamponyoka kicheko. Mwenye khofu hali, halali, na akiitwa hustuka. Mama anayeona hivyo akasema "ni haya tu" anajua kwamba anasema uongo.

Basi tufanye nini? Kwanza, kina mama na masomo wetu. Somo ndiye mtu anayemuona mwari bila ya pazia. Kabla ya kumfundisha kusinga na kujifukiza udi, kaa naye peke yake, mlango umefungwa, mama hayupo, wifi hayupo, na umuulize: unamtaka? Umuulize kwa namna ambayo akisema simtaki unalo la kufanya, sio kumwambia anyamaze wageni wameshaalikwa. Kadi zilizokwisha kuchapishwa si hoja. Ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa si hoja. Nyama italiwa hata kama akdi haikupita.

Pili, nyinyi maharusi. Mjaribuni mtu kwenye hapana ndogo kabla ya kumpa ndiyo kubwa. Mwambie hapana juu ya jambo jepesi: siku ya kuja, rangi ya nguo, picha anayotaka umtumie. Muangalie anavyoipokea. Akikasirika, akakununia siku tatu, akapita kwa dada yako ili akushinde, basi amekwisha kukuonesha namna atakavyoipokea hapana kubwa ukiwa ndani ya nyumba yake na funguo anazo yeye. Na akiwa na siri ambazo kila ukiuliza anazigeuza mzaha, usizione ni utamu wa hadithi. Ndoa yetu imeamrishwa itangazwe, ina walii, ina mashahidi, ina mahari yanayotajwa mbele za watu. Siri ni ya riwaya. Ndoa inataka mwanga.

Tatu, someni. Simwambii mtu achome kitabu, na wala sitamtia madhambini aliyeisoma Trade Wind akalia. Someni kumbukumbu za Bi Salme, zimetafsiriwa kwa lugha nyingi, mjue nyumba zile zilikuwa na nini ndani yake kweli. Na riwaya yoyote ya kasri mtakayoishika, ulizeni maswali mawili tu. Mwanamke akisema hapana, hadithi inamsikiliza, au inamcheleweshea ndiyo? Na yule mwanamke wa chini, mpishi, mjakazi, suria, je naye anayo hapana yake, au yumo humo ili afe wengine wapendane? Riwaya ikishinda maswali hayo, soma, lia, mpe na shoga yako. Ikishindwa, hata ikiwa na masultani watano na bahari yote ya Hindi, hiyo si hadithi ya mapenzi.

Barira hakuwa na kasri, hakuwa na hazina, na jina la baba yake wengi wetu hatulijui. Alikuwa na neno moja, na Madina nzima ikaliheshimu. Biharusi wa leo mwenye skuli, mwenye simu, mwenye ukoo wa kusimama nyuma yake, asikubali kuwa na chini ya hilo.

Mwenyezi Mungu awajaalie waume wema wenye kusikia, awape ulimi wa kusema mnalolitaka na msilolitaka, na awape wazazi wetu masikio ya kulisikia kabla ya siku ya akdi. Amin.

Wassalaamu alaykum.